Anayesaini Ndiye Anayepanda

Jumapili, tarehe 2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mzigo umefika salama. Karani wa mizigo aliniuliza ndani kuna nini, nikamwambia pedali za ndege, akaniangalia kidogo halafu akasema saini hapa. Nimeufungulia sakafuni chumbani. Mbao mbili, bawaba, spring mbili za mlango, na ule ubao wa chini ulioandika kwa penseli VISIGINO HAPA, USIVIINUE. Nilicheka peke yangu mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta.

Kompyuta nimeiweka mezani kati ya kitanda na kabati. Kiti ni cha plastiki, nimekifunga kamba kwenye mguu wa kitanda, la sivyo nikikanyaga pedali narudi nyuma mpaka mlangoni. Basi ndiyo simuleta yangu hiyo, ndege ya kuigiza ya kujifunzia. Marubani wa makampuni makubwa wana vyumba vizima vinavyotikisika, mimi nina kiti kilichofungwa kama mbuzi.

Uliniuliza ni ndege gani inayonitoa jasho. Kampuni ina tatu. Mbili zina gurudumu la mbele, hizo nimezizoea, nazirusha kila siku. Ya tatu ina magurudumu mawili mbele na kamoja kadogo mkiani, imekaa pua juu, na ndiyo pekee inayoweza kutua kwenye vile viwanja vifupi vya udongo tunakopeleka chanjo na barua. Kila mtu hapa anaiita Punda, kwa sababu ukishatua mkia wake unataka kupita mbele. Wenzangu wawili wamemkataa wazi. Mimi niliajiriwa kwa ajili yake. Mkaguzi anakuja Ijumaa tarehe 28. Nikishindwa, mkataba unaishia siku hiyohiyo, na sijui nani atamchukua rubani aliyeshindwa na punda.

Bado sijampanda. Nasubiri zamu yangu. Mwalimu wangu, tunamwita Tena kwa sababu ukimaliza kitu chochote ndilo neno analokuambia, amesema nianze na simuleta nyumbani, nikija kwake miguu iwe inajua kazi.

Nimeanza jana. Raundi kumi, na zote kumi nimeishia kwenye majani. Mojawapo niligeuka kabisa nikawa natazama nilikotoka. Ni kompyuta tu, hakuna anayeumia, lakini nilipoinuka blauzi ilikuwa imelowa mgongoni.

Mama anajua narusha zile mbili. Habari za Punda usimwambie. Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure, masikio uliyaacha kwenye injini na mtandao hapo nyumbani haushiki, na kwa sababu ni wewe tu ninayeweza kukuambia kwamba naogopa.

Mpwa wako,
Spana


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Spana mama, marahaba.

Bado nitakuita Spana, mpaka siku utakapoacha kuniletea namba kumi nikiomba kumi na mbili. Ulikuwa na miaka sita, najua, lakini fundi hasahau.

Sasa sikiliza. Ukivuta mkokoteni, unakufuata. Ukiusukuma, unatafuta upande wa kutorokea. Zile ndege zako mbili zinavutwa. Punda anasukumwa, kwa sababu uzito wake umekaa nyuma ya magurudumu. Akianza kwenda pembeni, uzito ule haumrudishi, unamsaidia kwenda. Hapo hakuna nguvu ya mkono itakayokuokoa. Kuna miguu tu, na iwe imeshafanya kazi kabla wewe hujajua kuna kazi.

Kwa hiyo usiniambie habari za kuruka. Wiki hii yote tembea chini tu. Asubuhi raundi kumi kabla ya kazi, jioni kumi. Kanyaga kidogo, achia. Kanyaga kidogo, achia. Ziandike kwenye daftari, na zile za kwenye majani uziandike kwa wino uleule wa zile nzuri. Nimekuchorea hapo chini miguu inavyokaa. Hiyo inayofanana na mihogo ndiyo miguu yako, usinicheke.

Kuhusu kuogopa. Nimeishi na ndege miaka thelathini na moja, na fundi niliyemwogopa mimi ni yule asiyeogopa. Ila woga nao upewe kazi. Mtu mwoga akikaa bure ataanza kuona mambo ambayo hayapo.

Mama yako hajambo. Jana aliniuliza kwa nini nimenunua spring za mlango wakati milango yetu haina shida. Nikamwambia sikusikia. Uziwi una faida zake.

Na ndege yenyewe ni nzima? Mabawa yote mawili?

Mjomba wako,
fundi bila masikio


Jumatano, tarehe 12 Machi

Mjomba, shikamoo.

Ndege ni nzima, kwa nini isiwe nzima? Swali lako limenichekesha.

Daftari linasema hivi. Juzi raundi ishirini, majani mara kumi na tatu. Jana ishirini, majani sita. Leo asubuhi kumi, majani mara moja, na hiyo moja ni kwa sababu mama mwenye nyumba alifungua mlango bila kubisha. Alikuwa amenisikia siku tatu mfululizo nikisema "kushoto, kushoto, achia, achia sasa," akaja kuona nagombana na nani. Nilipomwonyesha alisimama kidogo, akasema afadhali ingekuwa mwanamume.

Pedali ya kulia ni nzito kuliko ya kushoto. Spring hazikulingana? Si kitu, nimeshaizoea, ila mguu unachoka.

Mwanzoni nilikuwa nakosa kwa sababu sioni. Sasa mambo yamenyooka. Nauona ule mstari mweupe wa katikati tangu mwanzo wa uwanja mpaka mwisho, naushika kwa pua ya ndege, nao hautoki. Ukiona mstari, miguu inajua yenyewe. Usingizi nao umeanza kurudi. Wiki iliyopita nilikuwa naamka naikuta miguu inakanyaga shuka.

Nimeamua jambo. Nikifaulu, abiria wangu wa kwanza kwenye Punda ni wewe. Si Mama, si bosi. Umezitengeneza ndege maisha yako yote, na nikikumbuka vizuri hujawahi kunisimulia huko juu kukoje. Nilipokuwa mdogo nikikuuliza ulikuwa unanituma spana.

Mpwa wako,
Spana


Jumapili, tarehe 16 Machi

Spana,

Mstari gani?

Nimeisoma barua yako mara nne. Nimetoka nje nikazunguka nyumba, nikarudi nikaisoma tena. Unasema unauona mstari wa katikati tangu mwanzo mpaka mwisho. Ndege ya aina hiyo nimekaa kwenye kiti chake cha rubani mamia ya mara, napasha injini, mkia chini, breki zimekazwa. Mbele kuna pua. Juu ya pua kuna mbingu. Mstari sijawahi kuuona hata siku moja, na mimi ni mrefu kukuzidi kwa kichwa kizima.

Niandikie upesi hiyo kompyuta umeipangaje. Kabla hujanijibu, usimguse Punda. Mwambie mwalimu unaumwa tumbo. Mwambie mjomba wako amekufa kama itabidi, nitakusamehe.

Habari za abiria tutaongea siku nyingine. Mgongo wangu huu na viti vya ndege havipatani.

Mjomba wako


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Mjomba mpendwa, shikamoo.

Sikusubiri jibu lako kwa sababu nina habari njema, na habari njema zikikaa zinachacha. Raundi arobaini tangu Jumamosi, majani sifuri. Nimeanza na kuruka pia, na kutua, na upepo wa ubavuni nimeuweka mkali. Sifuri. Nilimpelekea Tena daftari ofisini. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa huku anakunywa chai, akanirudishia, akasema, "Kesho saa moja, na Punda."

Najua ungesema nisubiri. Lakini zimebaki siku kumi na moja tu, na mimi sijawahi kujisikia hivi tangu nianze kazi hii. Kesho jioni nitakuandikia kila kitu.

Mpwa wako mwenye furaha,
Spana


Jumatano, tarehe 19 Machi

Mjomba,

Barua yako imefika leo saa nane mchana. Jana saa moja asubuhi nilikuwa nimeshatoka na Punda.

Hakuna aliyeumia, nakuambia hilo kwanza. Ndege pia ni nzima. Lakini ni kwa sababu Tena alikuwa na miguu yake pale, si kwa sababu yangu. Nilipoingia uwanjani nikatazama mbele nikaona pua. Pua tupu. Nilitafuta mstari, haupo. Nikaongeza moto wa injini hivyohivyo, nikainama nichungulie, na Punda akaondoka kwenda kulia kama aliyeitwa na mtu. Nilisikia Tena anasema "yangu", yaani ananipokonya ndege, akaishika, ikanyooka, akazima. Tulisimama katikati ya uwanja. Kisha akasema neno ambalo sijawahi kumsikia akisema. Alisema, "Leo basi."

Kosa nimelijua niliposoma barua yako. Kwenye simuleta nilikuwa na kioo kimoja tu cha kompyuta, na pua ilikuwa inafunika kila kitu. Siku ya pili nikagundua kuna kitufe cha kupandisha macho ya rubani. Nikapandisha. Pale juu mstari unaonekana wote. Nilidhani ni shida ya kompyuta yangu ndogo, nikairekebisha, kumbe niliirekebisha ndege. Raundi zote zile nimemzoea Punda ambaye hayupo.

Na kuna jambo jingine. Nilikudanganya. Sikuwa nasubiri zamu. Tarehe 11 Februari nilitoka na Punda mara ya kwanza, wakati wa kutua akageuka, bawa la kushoto likagusa chini. Lilikwaruzika ncha, na kwa hofu sikukumbuka hata nilichokiona mbele. Ndiyo maana Tena alinirudisha kwenye simuleta, na ndiyo maana nilikuomba pedali. Niliona aibu. Kila mtu kwenye ukoo anasema nimerithi mikono yako.

Tena amenipa mpaka Jumamosi niseme kama naendelea au naacha. Barua ya kuacha nimeshaiandika, ipo kwenye droo chini ya soksi. Hii naituma kwa mkono, mwenzangu mmoja ana safari ya kwenu kesho asubuhi na atashinda hapo mpaka saa nane.

Nisamehe.
Spana


Alhamisi, tarehe 20 Machi

Spana mama,

Mwenzako amekaa kwenye benchi mlangoni na mama yako anamlisha. Nina saa tatu, na mkasi unanichelewesha, kwa hiyo nitaandika ovyo.

La bawa nilijua. Fundi wa kampuni yenu alijifunza kazi kwangu. Siku ya tatu baada ya ajali aliniandikia kuniuliza ncha ya bawa inyooshwe au ikatwe, akachora mkwaruzo wote. Hakutaja rubani, ila Punda ana rubani mmoja. Nikakaa kimya, nikasema atasema mwenyewe akiwa tayari. Nikakuuliza mabawa yote mawili ni mazima, ukanijibu kwa nini yasiwe mazima. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, lakini na mimi nilikaa njiani nikikutazama unavyokuja, kwa hiyo tuko sawa.

Mkwaruzo ule ulinieleza. Bawa la kushoto likigusa, ndege imegeuka kulia. Imegeuka kulia kwa sababu mguu wa kulia umekanyaga. Na kwa nini mtu akanyage kulia bila kujua? Kwa sababu ameinamia dirisha la kushoto kutafuta njia, na mwili ukienda kushoto mguu wa kulia unausindikiza. Kaa kwenye kiti chako ujaribu. Hizo spring hazikukosea. Ya kulia niliikaza makusudi, ili mguu huo uwe unaomba ruhusa kwanza. Ningekuambia mapema usingeinama juzi. Hilo ni kosa langu, na limeninyima usingizi kuliko la kwako.

Sasa fanya hivi. Shusha macho ya rubani mpaka yalipokuwa. Ndani ya bahasha kubwa kuna kadibodi. Nimeikata kwa vipimo vya daftari langu, umbo la pua ya Punda lilivyo ukiwa umekaa. Ibandike kwenye kioo, katikati, makali yake ya chini yagusane na fremu. Usitazame kadibodi. Usitazame juu yake. Macho yalegee, yachukue ukingo wa majani wa kushoto na wa kulia kwa pamoja. Majani yakiongezeka upande mmoja, umeshachelewa kidogo. Yakitaka kuongezeka, ndipo unakanyaga. Kichwa kisiondoke kwenye kiti. Kama kitaondoka, kifunge kwa kitenge.

Zile raundi zako hazikupotea. Miguu imesoma, macho ndiyo yaliyotoroka shule. Utaanza na majani tena, na itakuuma kuliko mwanzo, kwa sababu mwanzo hukuwa na cha kupoteza. Mwalimu wako jina lake si Tena? Basi mwite kwa jina.

Umeniambia la kwako, nami nikuambie la kwangu kabla mwenzako hajamaliza kula.

Kwenye karakana yetu kulikuwa na desturi. Ndege ikitoka matengenezo makubwa, fundi aliyesaini ndiye anayepanda na rubani safari ya kwanza. Haikuandikwa popote. Ni namna ya kusema naamini kazi yangu. Mimi nimesaini miaka thelathini na moja, na sijapanda hata mara moja. Leo tumbo, kesho sikio, keshokutwa nina msiba. Wenzangu walipanda badala yangu mpaka wakaacha kuniuliza. Niliiamini kazi yangu kwa kalamu, kwa makalio sikuweza. Ndiyo maana nilikuwa nakutuma spana. Sikuwa na cha kusimulia.

Kwa hiyo hukurithi mikono yangu tu. Na woga umerithi kwangu. Tofauti ni kwamba wewe umeingia nao mara mbili.

Barua ya kwenye droo iache hapohapo. Ijumaa ya mkaguzi utaamua kama unaihitaji.

Mjomba wako


Jumatano, tarehe 26 Machi

Mjomba, shikamoo.

Kadibodi nimeibandika. Raundi kumi za kwanza, majani kumi. Niliinuka nikaenda kuosha uso na kulia kidogo, nikarudi. Ulisema itauma, hukusema kiasi gani.

Jumamosi nilimwambia Tena naendelea. Nikamweleza habari ya kitufe, nikijua atanifukuza. Aliuliza naishi wapi. Jioni alikuja, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kamba yake, visigino pale ulipoandika, akajaribu mwenyewe. Mara mbili alienda majani. Akasema pedali ya kulia ni nzito. Nikamwambia sababu. Aliikanyaga tena, kisha akauliza huyu mjomba yuko wapi. Tangu siku hiyo amekuja kila jioni. Anakaa kitandani nyuma yangu, hanioni uso wala mimi simwoni, na kila nikimaliza anasema lile neno lake. Mama mwenye nyumba sasa anatuletea chai na kuhesabu naye.

Jumapili ishirini, majani kumi na nne. Jumatatu tisa. Jana nne. Leo ishirini na tano, majani mara mbili, na hizo mbili nilikuwa nimeinama. Nimejikamata nikiinama. Kitenge kilisaidia, siku mbili nilijifunga kama mgonjwa.

Jana na leo Tena alinitoa na Punda mwenyewe. Kutembea chini tu, kisha kuruka mara tatu. Hakushika. Lakini aliweka mikono magotini, nami nilikuwa naiona mikono ile muda wote, na ndiyo iliyonishikilia. Keshokutwa atakayekaa hapo ni mkaguzi, na yeye akishika nimeshindwa. Utabiri unasema upepo wa ubavuni tangu saa nne.

Sitakudanganya tena, kwa hiyo nakuambia: sijawa tayari kama nilivyokuwa tayari ile tarehe 17. Ile siku sikuwa na shaka hata moja. Sasa ninazo nyingi, nazijua kwa majina.

Uliyoniambia kuhusu kupanda sijamwambia mtu. Kiti nilichokuahidi sikuulizi tena.

Mpwa wako,
Spana


Ijumaa, tarehe 28 Machi, saa nne asubuhi

Spana mama,

Barua hii haitakusaidia kitu, ikifika yatakuwa yamekwisha. Naandika ili woga wangu upate kazi. Sasa hivi unatoka na Punda, au umeshatoka, au wameahirisha. Simu yangu nimeiweka mezani mbele yangu kana kwamba nitaisikia.

Saa nne na robo. Huku kuna upepo. Nguo za mama yako zinapiga kamba. Najiambia huko si huku, lakini kila shuka likiinuka naona bawa.

Asubuhi nilimwambia mama yako kila kitu. Sikuweza kuubeba peke yangu. Alinisema, na nilivyomtazama midomo nadhani sikupoteza mengi kwa kutosikia. Akachukua simu yake akaenda kwa jirani ambako mtandao unashika, na hajarudi.

Saa nne na nusu. Nikuambie jambo la kunifanya mjinga, angalau mmoja wetu acheke. Tangu tarehe 20 na mimi nina simuleta, ya abiria. Nimeweka kiti stoo, nikajifunga mkanda wa suruali, nikawasha ile pampu ya maji nyuma ya kiti ili sakafu itetemeke. Nafumba macho, nahesabu nione nitavumilia mpaka ngapi. Siku ya kwanza nilifika kumi na nne nikainuka, jasho linatoka, na kiti hakijaondoka sentimita moja. Nikasema tena. Kila asubuhi mara kumi, kila jioni kumi, kwenye daftari, wino uleule. Jana nimefika mia tatu. Mama yako alinikuta nimejifunga mkanda stoo na pampu inanguruma na tenki limejaa linamwagika, akakaa chini.

Saa tano kasorobo. Ukishindwa, njoo nyumbani. Nasema tu. Hakuna atakayekuuliza kitu, nitawanyamazisha mwenyewe.

Saa tano. Naona watu wawili getini kwa jirani. Mmoja ni mama yako. Ana simu mkononi na anakimbia. Miaka kumi sijamwona dada yangu akikimbia. Anasema kitu, kwa umbali huu siwezi kusoma midomo, na uso wake sijui anacheka au analia. Nainuka.


Jumapili, tarehe 30 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama anasema ulimkamata mabega katikati ya njia ukamwambia "polepole, sema polepole," na yeye akawa hawezi kusema kabisa, ikabidi jirani akuonyeshe kwa kidole gumba.

Mkaguzi ni mtu mwembamba, mkimya, ana kalamu tatu mfukoni. Alitaka kutua mara tatu. Upepo ulikuja kama ulivyotabiriwa. Mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili nilidunda, nikatia moto nikaondoka nikarudi upya, naye akaandika kitu nikajua ndiyo kwaheri. Mara ya tatu, magurudumu yamegusa, upepo ukamsukuma Punda mkia, na mguu wa kushoto ukakanyaga. Mjomba, si mimi niliyekanyaga. Nilikuja kujua baadaye, ndege imeshanyooka.

Tulipozima aliniuliza, "Mbona hutazami mbele?" Nikamwambia, "Mbele hakuna cha kuona." Akachagua kalamu moja kati ya zile tatu, akasaini.

Nilishuka nikamkuta Tena nyuma ya ghala, amekaa juu ya tairi, hakuangalia hata kidogo. Nilipomwambia alisema lile neno lake, kisha akageuka akajifuta macho kwa mkono wa shati. Barua ya droo nimeichana. Kadibodi nimeiacha kwenye kioo, kesho asubuhi nina raundi kumi.

Punda anaingia matengenezo makubwa Jumatatu, atatoka Alhamisi tarehe 10 Aprili. Fundi anakusalimu sana. Nami nimesema sikuulizi.

Mpwa wako,
Spana


Ijumaa, tarehe 4 Aprili

Spana mama,

Jana nimefika mia sita, pampu ikiwa imewashwa na mama yako akitikisa kiti kwa nyuma kwa nguvu kuliko nilivyomwomba. Naona ana hasira zake za zamani.

Tarehe 9 nitakuwa kwenu. Fundi nimeshamwandikia, amesema daftari la ukaguzi lina nafasi chini ya sahihi yake. Sahihi yangu haina nguvu tena kisheria, lakini ataniachia mstari mmoja. Kiti cha nyuma weka mto, habari ya mgongo haikuwa uongo wote. Nitakaa nimefumba macho, kwa hiyo usiniulize kama naona chochote. Nikianza kuhesabu kwa sauti usigeuke, kichwa kisiondoke kwenye kiti.

Usiondoke bila mimi nikichelewa, na nikisema tumbo linauma usinisikilize. Kwanza nitaishika ile ncha ya bawa la kushoto kwa mkono wangu. Kisha nitasaini. Kisha nitapanda.

Mjomba wako,
fundi